Uzi: Kuifuata bendi ya dansi mji kwa mji Kanda ya Ziwa, mkiwa kundi la marafiki

MLETA UZI (Mwanza)

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Kila bendi kubwa ya dansi inapotangaza ziara ya Kanda ya Ziwa, maswali huwa yale yale: inapiga Mwanza lini, ukumbi gani, na kiingilio ni kiasi gani. Mtu huenda usiku huo mmoja, hucheza, hurudi kwake Kitangiri au Igoma, na kesho yake huwaambia wenzake kazini kwamba bendi ameiona. Ninaomba kutofautiana naye kwa heshima. Sisi ni kundi la marafiki ambao kwa muda mrefu tumekuwa tukiifuata bendi moja kutoka Shinyanga hadi Mwanza, kutoka Mwanza hadi Musoma, na kuvuka kwenda Geita na Bukoba, na ninachotaka kukitetea katika uzi huu ni kwamba muziki wa dansi huujui mpaka uusikie ukihama mji, na huusikii vizuri ukihama mji peke yako.

Jina la bendi yetu sitalitaja. Wapenzi wa dansi mnajua kwamba ukitaja moja tu, mjadala hugeuka kuwa Msondo dhidi ya Sikinde, bendi mbili zenye upinzani wa miaka mingi, kabla ya ukurasa wa pili, na hoja yenyewe hupotea. Inatosha kusema kwamba ni bendi inayopiga vyombo laivu, yenye magita matatu na besi, tumba, dramu, wapulizaji wa tarumbeta na saksafoni, na safu ya waimbaji wanaopokezana.

Nianze na wimbo wenyewe. Wimbo wa dansi kwa kawaida una sehemu mbili. Kwanza huja beti, mwendo wa taratibu, mwimbaji akieleza kisa chake na wenzake wakimwitikia, na ukumbi mzima ukisikiliza maneno. Kisha gita la solo hubadili njia, tumba hukaza, na bendi huingia kwenye chemko. Zama za santuri, wimbo ulikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande mmoja na sehemu ya pili upande wa nyuma, kwa sababu sahani ndogo haikuweza kubeba zaidi ya hapo. Jukwaani hakuna anayekata. Chemko hurefuka au hufupika kwa kadiri ukumbi unavyoitika, na ndani yake wanamuziki hutunga upya kila usiku. Kwa hiyo anayeujua wimbo kwa rekodi anajua beti zake, lakini chemko anajua lile la siku moja tu.

Nitatoa mfano mmoja, na nitaueleza kwa kirefu kwa sababu ndio ulionifanya niyaamini haya ninayoyaandika. Tulikuwa Musoma, ukumbi wa wazi, upepo wa ziwani ukipita juu ya vichwa vya watu. Bendi ilikuwa imeingia kwenye chemko la wimbo ambao sote tunaufahamu, na mpiga solo alikuwa akirudia mpapaso wake, kile kipande kifupi cha gita ambacho watu hukisubiri, ndipo waya mwembamba wa gita ukakatika. Hakusimama kuwatazama wenzake. Alirudi nyuma hatua mbili tu, na mpiga solo wa pili, aliyekuwa akimjibu kwa chini, akaupokea ule mpapaso na kuupiga kwa sauti nzito zaidi, kwa kuwa kidole chake kilikuwa mahali pengine kwenye shingo ya gita. Mpiga rizimu akapanda kujaza pengo lililoachwa. Wapulizaji, ambao zamu yao ilikuwa bado, wakaingia mapema. Nyuma ya spika kijana mmoja alikuwa amemmulikia mpiga solo kwa tochi ya simu, na yule bwana alikuwa anafunga waya mpya, anauvuta, anauegemeza sikioni ausikie katikati ya kelele zote zile. Aliporudi, hakudai mpapaso wake. Alimwachia mwenzake auendeleze, naye akawa anamjibu kutoka juu, na watu wa Musoma wakapiga kelele ambazo sijazisahau.

Siku chache baadaye bendi hiyo hiyo ilipiga wimbo huo huo hapa Mwanza. Hakuna waya uliokatika. Lakini walipofika pale pale, solo wa kwanza alirudi nyuma kwa hiari yake, wa pili akaupokea mpapaso, wapulizaji wakaingia mapema, na solo akarejea akimjibu kutoka juu. Ajali ya Musoma ilikuwa imeshakuwa sehemu ya wimbo. Watu wa Mwanza walicheza kwa furaha kubwa, na walikuwa na haki ya kufurahi, ila ni sisi tuliotoka Musoma ndio tuliojua mahali hapo palipotokea. Tulitazamana tu.

Na hapa ndipo marafiki wanapohitajika. Mmoja wetu ni mwalimu, na yeye husikiliza maneno. Akisikia mwimbaji amebadili mstari, ameongeza jina la mji au amemtaja marehemu, huandika. Mwingine ni fundi wa redio, na masikio yake yako kwenye besi na mitambo. Dada yetu mmoja ni muuguzi, na ndiye aliyetufundisha kutazama tumba, kwa maana anasema mpiga tumba ndiye anayeamua lini chemko liishe, naye mwimbaji hutangaza tu uamuzi huo. Asubuhi, tukiwa Lamadi tunakula sato na ugali kabla ya kuendelea na safari, kila mmoja huleta alichokisikia, na usiku uliopita hujengeka upya mezani. Ukienda peke yako unarudi na kipande chako tu.

Wapo wanaosema kwamba kumfuata msanii kutoka mji hadi mji ni tabia ya kuiga. Mwenye mawazo hayo na aende Bujora, pale Kisesa, wakati wa sherehe za Bulabo. Usukumani, Wagika na Wagalu, yaani vyama viwili vya ngoma, wameshindana kwa ngoma vizazi na vizazi. Baada ya mavuno kila upande humfuata manju wake, yaani kiongozi wa ngoma na nyimbo, na ushindi hupimwa kwa watu waliovutwa na kubaki upande huo. Watu walitembea kwa miguu vijiji kadhaa ili wasikose shindano. Sisi tumepanda basi tu.

Dansi lenyewe lilisafiri hivyo hivyo. Reli ya Kati ilifika Kigoma 1914, na tawi la kutoka Tabora likafika Mwanza 1928, na ukitazama ramani ya bendi za zamani utaona zimejipanga kando ya reli: Morogoro ilikuwa na Cuban Marimba na Morogoro Jazz, Tabora ilikuwa na Kiko Kids na Tabora Jazz. Baadaye, bendi nyingi zilikuwa chini ya taasisi. NUTA Jazz, ambayo leo ndiyo Msondo Ngoma, ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana. Polisi na jeshi walikuwa na bendi zao. Mwanamuziki alilipwa mshahara na vyombo vilikuwa vya mwajiri, hivyo bendi iliweza kuzunguka mikoani hata pale ambapo kiingilio hakikujaza ndoo. Leo bendi hula kiingilio chake. Gari, mafuta, malazi ya watu ishirini na zaidi, jenereta kama umeme utakatika, vyote hutoka mlangoni, na ndiyo maana ziara za Kanda ya Ziwa zimekuwa adimu na ndiyo maana mimi nasisitiza, bila kuoneana aibu, kwamba anayeifuata bendi alipe kiingilio kila mji, hata kama mlinzi wa mlangoni ameshamzoea na wanamuziki wanamwita kwa jina.

Jambo la kurekodi nalo linanigusa sana. Kwa miaka mingi studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyorekodi bendi zetu, na santuri zilichapwa Kenya. Tunaishukuru redio, kwa kuwa bila hazina ile tusingekuwa na kitu. Hata hivyo, rekodi zile ni za studio; usiku wa kumbini, chemko la nusu saa, majibizano ya magita, karibu vyote vimekwenda na waliokuwapo. Marekani kulikuwa na bendi ya roki iitwayo Grateful Dead, iliyoanza California 1965 na kudumu hadi kifo cha mpiga gita wake, Jerry Garcia, 1995. Mashabiki wake waliifuata nchi nzima kwa miaka, kwa sababu ile ile ninayoieleza hapa, kwamba haikuupiga wimbo mara mbili kwa namna moja. Bendi hiyo iliwaruhusu mashabiki kurekodi, na 1984 ikaanza kuwatengea mahali maalumu kumbini wenye mashine za kurekodia. Matokeo yake ni kwamba leo maonyesho yake mengi mno yanasikika. Sisi tumemwomba kiongozi wa bendi yetu ruhusa, ametupa, kwa sharti kwamba tusiuze na nakala moja aipate yeye. Fundi wetu wa redio hukaa karibu na fundi mitambo na kurekodi usiku mzima, si vipande vya dakika moja vya kurusha mtandaoni.

Sasa, kwa wanaotaka kujaribu. Ziara hufuata pesa, na pesa ya huku ina majira yake. Pamba huanza kununuliwa Mei, kwa hiyo Shinyanga, Simiyu na wilaya za Mwanza huchangamka kuanzia hapo hadi Sabasaba na Nanenane. Bukoba huwa na msimu wa kahawa katikati ya mwaka, kisha Desemba, Wahaya wanaporudi nyumbani kwa Krismasi. Geita, Katoro na Kahama, kwa sababu ya dhahabu, huweza kujaza ukumbi mwezi wowote. Msisubiri tangazo la redio. Fuatilieni mapema kwa wenye kumbi, kwa maana wao huweka tarehe kabla ya bendi kutangaza.

Njia ya Geita imekuwa rahisi kuliko tulivyozoea. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, Kigongo hadi Busisi ni kilomita 3 za lami juu ya maji, na lori la vyombo halina haja ya kulala kwenye foleni ya kivuko. Ninalifurahia daraja, ingawa ni katika foleni ile, mchana wa jua kali, mashabiki na wanamuziki wakinunua mahindi kwa mama mmoja, ndipo tulipojuana na wapiga vyombo kwa mara ya kwanza.

Fedha wekeni kwa mtu mmoja na zikusanywe kabla ya safari. Dereva asinywe. Bendi ikimaliza saa tisa usiku, laleni mji huo huo. Mabasi yameruhusiwa kutembea usiku tangu 2023, lakini mtu aliyecheza usiku kucha hafai kushika usukani wa gari dogo kwenye barabara yenye ng'ombe na malori. Na mkiwatunza wanamuziki kwa noti, mkumbukeni mpiga besi. Noti nyingi huishia kwenye paji la uso la mwimbaji.

Karibuni tujadili.

MCHANGIAJI (Musoma)

Mkuu, nimeusoma uzi wako wote na nakushukuru kwa kuutaja mji wetu kwa wema. Usiku unaousema naukumbuka, au unaofanana nao. Lakini niruhusu niseme upande wa wenyeji. Makundi yanayofuata bendi hufika ukumbini yakiwa yanazijua nyimbo zote, hujipanga mbele ya jukwaa, huwaita wanamuziki kwa majina, na huagiza nyimbo. Mtu wa Musoma ambaye bendi humfikia mara moja kwa muda mrefu, aliyemleta mke wake na amevaa suti yake, anajikuta nyuma ya migongo ya wageni. Na baya zaidi, bendi huanza kuwapigia hao inaowajua. Nimeona usiku ambao mwimbaji aliimba akiitazama kona moja tu ya ukumbi. Sisemi ni kundi lenu. Ninasema kwamba hoja yako, kwamba ukumbi ndio unaoutengeneza wimbo, inadai ukumbi wa Musoma uwe wa watu wa Musoma, vinginevyo mtakuwa mnasafiri na ukumbi wenu na kuusikiliza wenyewe kila mji.

MLETA UZI

Ndugu yangu wa Musoma, hoja yako ni nzito na naipokea yote. Utaratibu wetu ni kwamba tukiwa ugenini tunakaa pembeni, upande wa spika au nyuma karibu na mitambo, na hatuagizi wimbo. Bendi ikiwa na nyimbo za kuombwa, wenyeji ndio waombe. Nakiri kwamba utaratibu wa namna hii hauwezi kulazimishwa kwa kila kundi, na nakubaliana nawe kabisa kwamba shabiki anayejipanga mbele katika mji usio wake anaharibu kile kile alichokisafiria. Nyongeza moja tu: kukaa pembeni kuna faida yake, kwa maana ukiwa mbele ya jukwaa unasikia spika, na ukiwa pembeni unawasikia wanamuziki wakiambizana.

MCHANGIAJI (mzee, mwenyeji wa Nzega, sasa Mwanza)

Vijana, hamjambo. Nimefurahi kuona reli imetajwa. Niongeze kwamba Western Jazz, mnayoisikia kwenye vipindi vya zilizopendwa, ilianzishwa Dar es Salaam 1959 na Iddi Nhende, mtu wa kwetu Nzega, na jina lake lilitokana na Jimbo la Magharibi walikotoka wanamuziki wake. Maana yake ni kwamba watu wa huku hawakuwa wakiusubiri muziki uje kutoka pwani. Waliupeleka na ukawarudia. Mtindo wao uliitwa Saboso, kama Tabora Jazz walivyokuwa na Segere Matata. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina, na shabiki alijitambulisha kwa mtindo huo.

Nina jambo moja la kuwashauri mnaofuata bendi moja. Msiifuate kwa kuzichukia nyingine. Marehemu Muhidin Gurumo aliimba NUTA Jazz, 1978 akawa miongoni mwa walioanzisha Mlimani Park, yaani Sikinde, akapita Orchestra Safari Sound, kisha akarejea Msondo hadi alipostaafu, na alifariki 2014. Sasa shabiki aliyeapa kutomsikiliza mpinzani alikuwa akimkimbia Gurumo au akimfuata? Wanamuziki wenyewe waliazimana nyuzi za gita. Ugomvi ulikuwa wetu sisi wa sakafuni.

MLETA UZI

Shikamoo mzee wangu. Ninakushukuru sana. Kama afya inaruhusu, tafadhali tuandikie zaidi kuhusu kumbi za enzi hizo, hasa ilikuwaje bendi iliposhuka stesheni ya Mwanza na vyombo vyake, kwa sababu wengi wetu tumeyapata mambo hayo kwa kusimuliwa tu.

MCHANGIAJI (mzee)

Marahaba, mwanangu. Kwa ufupi, vyombo vilishuka na mizigo mingine, na habari zilienea mjini kabla ya bango lolote, kwa kuwa wachukuzi wa stesheni walikuwa wanalitambua boksi la dramu. Jioni bendi ilikuwa na kawaida ya kupiga kidogo mapema, nyimbo laini, watoto wakisimama nje ya ukuta. Mimi nilikuwa mmoja wa watoto wale wa nje ya ukuta. Mengine nitaandika siku nyingine macho yakipumzika.

MCHANGIAJI (dada, Bukoba)

Habari zenu kaka zangu, na shikamoo mzee. Nashukuru kwamba mleta uzi ametaja dada mmoja katika kundi lao, lakini mambo ya akina dada hayakuelezwa, na ndiyo yanayowazuia wanawake wengi kusafiri na bendi ilhali mapenzi ya muziki wanayo. Nami nimesafiri, kwa hiyo nitayasema.

Mwanamke asiwe peke yake katika kundi la wanaume. Wawe angalau wawili, walale chumba kimoja, na chumba hicho kilipiwe kutoka kwenye mfuko wa pamoja ili gharama isiwaelemee wao. Nyumba ya kulala wageni ichaguliwe mchana, si saa tisa usiku mkiwa mmechoka na kila penye taa panaonekana panafaa. Tukiwa ukumbini, mmoja wetu anapokwenda msalani mwenzake huenda naye, na kundi zima linajua. Kuhusu kucheza, dansi ni muziki wa watu wawili na kuombwa kucheza si tusi, ila anayekataa asibembelezwe, na kaka zetu wa kundi ndio wanaopaswa kulisema hilo kwa upole kabla halijawa zogo. Nimeshuhudia kundi moja ambalo kaka walijifanya hawaoni, na dada wale hawakusafiri tena. Walikuwa wasikilizaji wazuri kuliko wote.

Jambo la pili ni usafiri wa kuja kwetu. Mleta uzi amesifia daraja, na barabara kweli ni nzuri, lakini mimi ninaitetea meli. MV Victoria ilirudi kazini 2020 baada ya ukarabati. Inaondoka Mwanza jioni na kufika Bukoba asubuhi, ikipitia Kemondo. Mnaopanga kuifuata bendi mnaweza kulala njiani, mkafika mmepumzika, na fedha ya malazi ya usiku mmoja ikabaki mfukoni. Kikwazo ni kwamba ratiba ya meli haijali ratiba ya bendi, kwa hiyo tarehe zipangwe kwa kuitazama meli kwanza. Na mkija Novemba au Desemba, leteni nguo za mvua. Bukoba mvua haisubiri masika, na ukumbi wa wazi unaweza kufungwa saa mbili usiku bendi ikiwa bado inafunga vyombo. Ila kipindi hicho ndicho cha senene, na hakuna mgeni aliyewahi kuulalamikia mwezi huo kwetu akiwa ameshaonja.

MLETA UZI

Dada yangu wa Bukoba, umeandika kile ambacho uzi huu ulikuwa unakihitaji zaidi. Nimemwonyesha muuguzi wetu maneno yako, na amesema suala la chumba kulipiwa na mfuko wa pamoja tulifanye kanuni rasmi kuanzia safari ijayo. Kuhusu meli, tumekubaliana kwenda Bukoba kwa maji na kurudi kwa barabara kupitia Geita, iwapo bendi itakuwa na onyesho huko.

MCHANGIAJI (Geita)

Wakuu, kwa heshima zote, mimi naona gharama ni kubwa mno. Mtu anaweza kununua spika nzuri kwa fedha hizo na kuzisikiliza nyimbo zote nyumbani. Pili, suala la kurekodi lina sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mwanamuziki haki juu ya onyesho lake, na ruhusa ya mdomo kutoka kwa kiongozi wa bendi haiwafungi wapulizaji wala mpiga tumba. Siku rekodi ikivuja na mtu akaiuza, nani atawajibika?

MLETA UZI

Mkuu wa Geita, la spika sitabishana nalo, kila mtu na mfuko wake, na mwenye kusikiliza nyumbani kwa makini namheshimu. Nasema tu kwamba mabadiliko ya Musoma yasingemfikia.

La sheria umenifungua macho, na nitalifanyia kazi leo hii. Tutaandika karatasi ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi, itakayosema kwamba rekodi ni ya kumbukumbu, kwamba haitauzwa wala kurushwa hadharani bila idhini, na kwamba bendi inapata nakala kamili. Kisha kila mwanamuziki aliyepo jukwaani atatia saini yake, na asiyetaka hatutarekodi usiku huo. Nadhani itawapendeza. Mpulizaji mmoja wa saksafoni aliwahi kuniambia kwamba katika miaka yote aliyopiga hajawahi kujisikia akipiga jukwaani, na tulipompa nakala alikaa nayo kwenye ngazi za nyumba ya wageni, spika za masikioni zikiwa zimebanwa kwa viganja, akairudisha nyuma sehemu yake tena na tena, kisha akamwita mwenzake wa tarumbeta na kumwonyesha mahali walipokuwa hawajapatana. Usiku uliofuata walipatana. Kwa mtu kama huyo, rekodi ina kazi kubwa kuliko kumbukumbu zetu.

MCHANGIAJI (Mwanza, Kirumba)

Kaka, mimi ni kijana na nimekulia kwenye Bongo Fleva. Uzi huu umenifanya nitamani. Je, ninaweza kujiunga bila kuzijua nyimbo?

MLETA UZI

Karibu sana, mdogo wangu. Sikiliza vipindi vya zilizopendwa redioni ili uzoee mpangilio wa beti na chemko, kisha njoo. Ukumbini simama karibu na mtu anayezijua na umuulize. Kundi letu linahitaji masikio mapya, kwa sababu sisi tumeshazoea kusikiliza yale tunayoyasubiri.

MCHANGIAJI (Ukerewe)

Ndugu mleta uzi, mmetaja miji yote na sisi visiwani mmetupita. Nansio kuna watu wanaoupenda muziki huu, na bendi haiji kwa sababu inaambiwa kuvuka ni shida. Je, kundi lenu haliwezi kuzungumza nayo?

MLETA UZI

Ndugu yangu wa Ukerewe, umesema kweli, na kwa hili tunaweza kusaidia badala ya kufuata tu. Njia ipo: lori la vyombo lipite Bunda hadi Kisorya na livuke kwa kivuko kwenda Rugezi, na wanamuziki wanaweza kupanda meli moja kwa moja kutoka Mwanza hadi Nansio. Sharti langu moja, ambalo sitalilegeza kwa ajili ya muziki wowote, ni kwamba hakuna atakayepanda chombo kilichojaa kupita kiasi, wala boti ya usiku isiyo na maboya ya kujiokolea, hata kama ukumbi umeshajaa na watu wanasubiri. Msiba wa MV Nyerere pale Ukara, Septemba 2018, ulitokana na kivuko kubeba watu wengi kuliko uwezo wake, na hakuna mwenyeji wa ziwa hili anayehitaji kukumbushwa zaidi ya hapo.

Nimezungumza na kiongozi wa bendi jioni hii. Anataka kujua mambo matatu: ukubwa wa ukumbi wa Nansio, kama umeme wake unahimili mitambo au jenereta iletwe, na kama wenyeji wanaweza kuwapokea wanamuziki kwa malazi na chakula ili kiingilio kisipandishwe. Tafadhali tuletee majibu hapa hapa, na wana Ukerewe wengine wasaidie. Wanaotaka kusafiri nasi waandike mji watakaoanzia, ili mtunza hazina ajue nafasi ngapi zinahitajika upande wa Bunda na ngapi kwenye meli.